Aliyemwonyesha Nyumba

Jonathan alirudi kutoka sokoni na mapazia mawili. Asnath akayakunjua, akayapapasa, akanusa harufu ya nguo mpya, kisha akauliza la tatu liko wapi.

"La tatu la nini?"

"La chumba cha mtoto."

Jonathan alicheka kile kicheko cha mume aliyeshinda juani. Akasema mtoto ataendelea kulala nao, nyumba yenyewe vyumba viwili tu na kimoja kimejaa mabegi, hayo mambo ya chumba cha mtoto wawaachie matajiri. Asnath akadhani mumewe anabana hela. Hakubishana. Kesho yake asubuhi, Jonathan alipokwenda kazini, alichukua khanga yake kuukuu, akaenda mwisho wa korido, akainua mikono juu ya mlango na kukuta misumari miwili ikimngoja. Akaitundika, akaridhika.

Jioni Jonathan aliingia, akavua viatu, akaita kutoka koridoni.

"Mama Eli, mbona umetundika khanga ukutani?"

Asnath alikuwa jikoni anasonga ugali. Mwiko ulisimama. Akajibu kwamba ameianika tu, na akaendelea kusonga, lakini ugali wa siku ile ulikuwa na mabuja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Asnath hakuwa akiona tangu surua ya utotoni kule Same, na usianze kumwonea huruma, maana yeye mwenyewe hapendi na angekutolea uvivu. Alisoma, akawa mwalimu, akaolewa na afisa wa uvuvi, akazaa mtoto wa kiume akamwita Elikana. Nyumba aliijua kuliko wewe unavyoijua yako. Wewe umeingia kwako mara elfu na hujui sakafu ya kizingiti imebonyea upande gani. Yeye alijua. Aliposimama katikati ya chumba akapiga ulimi juu ya kaakaa, ko, sauti iligonga ukuta ikamrudia, naye akajua ukuta uko umbali gani, kuna kabati au hakuna, mlango uko wazi au umefungwa. Alijua dirisha kwa upepo, jiko kwa joto, choo unajua kwa nini. Yote hayo aliyapanga kichwani, akatembea humo bila fimbo, khanga begani, akiimba.

Ila nyumba mpya lazima kwanza uonyeshwe, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Siku walipohamia Kigoma walishuka kwenye treni, wakachukua bajaji hadi Ujiji, na mizigo mingine ikabaki stesheni. Jonathan alimsimamisha mkewe kizingitini, mtoto mgongoni, akamwambia, "Nakuja sasa hivi," akarudi na bajaji ileile. Hiyo sasa hivi yake ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa la utosini. Asnath alisimama pale kwenye nyumba asiyoijua, mji asioujua, jasho likimtiririka, na hasira ikimpanda taratibu.

Ndipo mwanamke mmoja akatoka ndani. Hakusema mengi. Sauti ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeamkia mafua. Alisema tu, "Karibu, mwanangu. Shika hapa." Halafu akafanya jambo ambalo wenye macho hawalijui hata uwafundishe: hakumkamata mkono na kumkokota kama mbuzi wa mnadani. Alimpa kiwiko chake, akatangulia nusu hatua, akasubiri. Kiwiko kilikuwa cha baridi na unyevu, na Asnath akadhani mama wa watu ametoka kufua. Wakazunguka nyumba nzima. Alimwekea mkono kwenye kila mwimo, kila kitasa, kila kona: sebule, jiko, chumba cha kulala, chumba cha vitu. Mwisho wa korido alimwekea mkono kwenye mlango mmoja wa ziada. "Hiki cha mtoto," akasema. "Kina ubaridi. Atalala vizuri."

Jonathan aliporudi, mwanamke alikuwa ameshaondoka. Asnath akamwambia kwamba mke wa mwenye nyumba alipita, mama mwema kweli. Jonathan akasema, "Vizuri," na kuanza kuingiza mizigo.

Uhamisho wa Asnath ulikuwa bado unazungushwa ofisini, kwa hiyo alishinda nyumbani. Kila mchana, jua lilipokuwa kali, alimlaza Eli kwenye mkeka katika kile chumba cha mwisho. Mtoto alilala kwa utulivu hadi mama alipomfuata, akaamka akicheka, na humo ndimo alimojifunzia kutambaa. Nguo zake zilitoka na harufu ya tope la ziwani na nyavu mbichi. Asnath alijiambia kwamba Ujiji yote inanuka ziwa.

Sasa khanga imetundikwa ukutani.

Jumapili, Jonathan akiwa sebuleni anasikiliza mpira, Asnath alikwenda mwisho wa korido. Aliipata khanga. Nyuma ya khanga palikuwa na ukuta. Plasta mbaya, ya kukwaruza, kutoka kona hadi kona. Akapiga ulimi taratibu, na sauti ikarudi palepale, imempiga puani. Jumatatu Jonathan akaenda kazini, pikipiki ikaishia mbali, na khanga ikaanza kupepea. Upepo wa baridi ulitoka ndani. Akapiga ulimi, ko. Akasubiri. Sauti ilirudi baada ya muda, hafifu, na ilirudi mara mbili.

Alirudi kinyumenyume hadi jikoni, akambeba Eli mgongoni, akamfunga kwa khanga mbili.

Kwa nini hakumwambia mumewe? Nitakwambia. Kwa sababu mama mkwe kule Same alikuwa anapiga simu kila Sabato jioni, na kila simu ilikuwa na wimbo mmoja: "Mleteni mtoto nimlee. Ameanza kutambaa, mama yake atamkimbiliaje?" Jonathan alikuwa anamkatalia, lakini kila mara alikataa kwa sauti ndogo kuliko ya mara iliyopita. Asnath aliona wazi. Akisema tu kwamba kuna mlango ambao upo na haupo, watasema haijui hata nyumba yake, na Eli atapandishwa treni kwenda kwa bibi yake asubuhi ya kwanza. Aliogopa kile chumba, ndiyo. Lakini kupokonywa mtoto aliogopa zaidi, na kwa hiyo akanyamaza.

Alichofanya ni kumwuliza jirani yake kwa njia ya mzunguko. Marcelina alikuwa Muha wa Kasulu, mchuuzi wa dagaa, mwenye mdomo na moyo.

"Mke wa Mzee Mwinshehe mwenye nyumba anakaa wapi siku hizi?"

"Yuko Mwamgongo, mwalimu. Si anaumwa miguu? Mwaka wa ngapi huu hajapanda boti."

"Hakuja siku tuliyohamia?"

"Aje na nini, yemwe?" Marcelina akashangaa kwa Kiha. "Habebeki hata kufika choo."

Asnath alishukuru, akaaga, akaingia ndani. Alikaa sakafuni mgongo ukiwa mlangoni. Kila alichokijua kuhusu nyumba hii, kila mwimo, kila kona, kila hatua aliyotembea kwa kujiamini huku akiimba, alifundishwa na kitu ambacho hakujua ni nini.

Kuanzia hapo Eli hakushuka mgongoni. Alipika naye, alifua naye, alikwenda naye choo. Na kila mchana, wakati wa jua kali, kutoka mwisho wa korido ilisikika sauti ya kubembeleza, ile ya mdomo uliofumbwa, na Eli mgongoni alikuwa anatulia, anainua kichwa, na kuanza kuufuata wimbo ule kwa mguno wake mdogo.

Ilitokea Alhamisi. Sufuria ya maharage ilifurika, moto wa mkaa ukafoka, na Eli alikuwa amelowesha mgongo wote. Asnath alimshusha, akamkalisha kwenye mkeka, akageuka kuondoa sufuria. Kugeuka tu. Aliporudisha mkono kwenye mkeka, mkeka ulikuwa na joto la mtoto, na mtoto hakuwepo.

"Eli?"

Kutoka koridoni, viganja vidogo vilipiga sakafu, pa, pa, pa, haraka haraka. Khanga ikachakacha. Kimya.

Kelele aliyoipiga ilimtoa Marcelina kwake bila viatu. Mara tu Marcelina alipotia mguu koridoni, mlango ukawa ukuta. Asnath aliupiga kwa ngumi, akaukwaruza, akaita jina la mwanawe hadi sauti ikakatika. Marcelina alipekua chini ya kitanda, ndani ya pipa, chooni, nyuma ya nyumba, akirudi kila mara na maneno yaleyale, "Mana yanje, Mungu wangu, mwalimu, hayupo, hayupo." Jonathan alifika akihema. Alitazama ukuta. Alimtazama mkewe, kucha zake zinavuja damu.

"Asnath, mtoto umemwacha wapi?"

"Yumo humu."

"Humu wapi?" Alikuwa analia. "Huu ni ukuta, mama. Ukuta!"

Marcelina alikuwa ameshachukua simu kumwita mganga. Wao walikuwa watu wa kanisa, na siku nyingine Jonathan angekataa. Siku ile hakukataa kitu.

Bi Dunia aliletwa na bodaboda kutoka Kibirizi, alikokuwa anauza mawese. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na mambo ya majini aliyapata kwa bibi yake pamoja na hasira za karibu. Vidole vyake vilikuwa bado na mafuta. Hakutazama ukuta hata kidogo. Alimwinua Asnath kutoka sakafuni, akamwuliza kwa upole ambao hakuna aliyeutarajia, "Mwanangu, nyumba hii nani alikuonyesha?"

Tangu wahamie, hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Asnath akasema yote.

Bi Dunia akashusha pumzi. "Basi sisi wenye macho hatuna kazi hapa. Tukitazama, ukuta unakuwa ukuta. Ule mlango uko kwenye mkono wako wewe, ndiko alikouweka. Tutatoka wote hadi barabarani. Utaingia, utamchukua mtoto, utatoka."

"Nitakwenda naye," Jonathan akasema.

"Utakwenda wapi, baba? Kwenye tofali?" Akamgeukia Asnath, akashusha sauti. "Sikiliza. Tukishatoka, hakuna atakayekuita. Hata mmoja. Ukisikia jina lako mle ndani, si sisi. Usiifuate sauti yoyote."

Wakatoka. Nyayo zao zikafifia, geti likalia, na nyumba ikabaki na Asnath peke yake. Khanga ikaanza kupepea.

Akaingia. Sakafu ilikuwa saruji hatua chache za kwanza, kisha saruji iliyolowa, baridi ikampanda hadi kwenye vifundo. Alipiga ulimi na hakuna kilichorudi. Alipiga tena, kwa nguvu, na tena hakuna, hakuna ukuta wala dari wala kona, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni Asnath akajua maana ya kutoona, kusimama mahali pasipo na pembeni, mahali ambapo mkono ukiunyoosha unaendelea kunyooka tu, na mbele kidogo maji yanalamba kitu kama mbao za mtumbwi, na harufu ya tope na nyavu mbichi imejaa hadi ulimini, na katikati ya harufu hiyo, hafifu lakini ya kweli, harufu ya mafuta ya mtoto aliyompaka mwenyewe asubuhi. Akaifuata hiyo kwa magoti, akipapasa, akimeza kilio, hadi vidole vyake vikagusa pindo la nguo iliyolowa chapachapa, na ndani ya nguo goti, na juu ya goti, mguu mdogo wa mwanawe.

"Mwache," ile sauti kavu ikasema, karibu na uso wake. "Ndiyo kwanza amelala."

"Ni wangu." Ilitoka kama mnong'ono. "Nakuomba. Ni wangu, sina mwingine."

"Hapa anafahamu kila mahali. Huko kwenu nani atamwonyesha?"

Asnath alimnyakua mtoto kwa mikono miwili, na mikono ile ya baridi haikumzuia, na hilo lilimtisha kuliko kama ingemzuia. Alipogeuka alikuta nyuma yake hakuna nyuma. Hakujua alikotokea. Ndipo sauti zikaanza. "Asnath! Huku!" Jonathan, kushoto, analia. "Mwalimu, pita huku, yemwe!" Marcelina, kulia. Kisha mama yake mzazi, aliyekufa miaka mingi, akimwita kwa jina la utotoni kutoka mbele yake kabisa, kwa upendo uleule, na mguu wake ukainuka wenyewe kumfuata, na ingekuwa mwisho wao wote wawili kama Eli asingeamka kwa kushtuka, akapiga yowe, na kumkojolea mama yake tumboni.

Mkojo wa moto ulimshuka hadi magotini, ukagusa sakafu, ukaanza kutiririka. Asnath akaganda. Kila siku alikuwa anadeki nyumba ile, na kila siku maji ya kudekia, umwage sebuleni, umwage koridoni, yalikimbilia mlango wa nyuma. Nyumba ilijengwa imeinama. Aliyemwonyesha nyumba hakumwonyesha hilo, alilijua kwa tambara na ndoo yake mwenyewe. Akaweka kiganja sakafuni, akaupata ule ufito wa uvuguvugu katikati ya baridi, akaufuata, mtoto kifuani, akiyaziba masikio kwa kuimba kwa nguvu wimbo wa Sabato. Sauti zilimwita. Zikamsihi, zikamtukana. Saruji ikakauka chini ya goti lake, khanga ikampiga usoni, na akatoka hadi barabarani akitambaa, mbele ya watu wote, bila aibu yoyote.

Jonathan aliwakumbatia wote wawili. Alilia kama mtoto, na mimi simcheki.

"Bado," Bi Dunia akasema. "Ukihama leo, kile chumba kitahama na wewe. Lazima uonyeshwe nyumba upya."

Akachoma ubani, akampa Asnath kiwiko, akamzungusha. Katika kila mwimo alimwekea mkono na kumwuliza, "Hapa pana nini?" Asnath akajibu. Mwisho wa korido khanga ikavuliwa, mkono ukawekwa kwenye plasta. "Hapa pana nini?" Asnath akasema mlango. Wakazunguka tena. Akasema mlango. Wakazunguka tena na tena, ubani ukiwachoma koo, hadi vidole vikavimba, hadi neno likaanza kumkwama mdomoni, na ghafla mwili wake ukakakamaa na kinywa chake kikazungumza kwa sauti kavu isiyo yake.

"Mimi nilimwonyesha nyumba. Ninyi mlimwacha kizingitini na mtoto mgongoni."

Jonathan aliinamisha kichwa. Bi Dunia akabonyeza kiganja cha Asnath ukutani kwa nguvu zake zote. "Hapa pana nini?"

Mwili ukatetemeka, ukalegea. Sauti ikarudi kuwa ya Asnath, imechoka. "Ukuta," akasema. "Ni ukuta tu." Na hakika alipojaribu kukikumbuka kile chumba kichwani mwake, ubaridi wake, mlango wake, hakukipata. Kilikuwa kimefutika kama ubao wa darasani.

Walihamia Mwanga ya hapohapo Kigoma, juu kidogo, nyumba ya bati jipya. Safari hii Jonathan aliomba ruhusa kazini siku nzima. Alimpa mkewe kiwiko, akatangulia nusu hatua, akamwonyesha kila kitu hadi tundu la panya chini ya sinki, na Asnath akacheka hadi machozi. Mama mkwe alipopiga simu, Jonathan alimjibu kwa sauti kubwa kwamba mtoto ana mama yake. Wiki zikapita. Asnath akaanza tena kuimba.

Mchana mmoja alikuwa sebuleni anapeta mchele, na Eli anatambaa huku anaburuza mfuniko wa sufuria. Asnath alimfuata kwa sikio, kama kawaida. Mfuniko ulipita kando ya kochi, krrr, ukapita kabati, ukaelekea ukuta wa upande wa ziwa. Alisubiri ugonge. Mtoto akifika ukutani hugonga, hukasirika, hugeuka.

Mfuniko haukugonga. Uliendelea. Krrr, krrr, ukapita pale ukuta ulipo, ukaendelea mbele, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya bati linaloburuzwa kwenye sakafu iliyolowa.

Ungo ulianguka. Asnath alirukia pale, akapiga ulimi, na sauti ikamrudia palepale, karibu, safi. Akapapasa. Plasta laini, kavu, kutoka kona hadi kona.

Jonathan alikuta mchele umetapakaa na mkewe amejibandika ukutani. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Alimpigia Bi Dunia, akaweka simu kwenye spika.

"Mama aingie tena!" akapiga kelele. "Mwambie aingie, kama ile siku!"

Nyuma ya Bi Dunia zilisikika kelele za soko la Kibirizi, watu wanabishania dagaa.

"Yule mtoto," akasema hatimaye, "alikuwa analala mle? Mnaniambia alijifunzia mle kutambaa?"

Asnath akaweka sikio ukutani.

"Mimi nilimfuta mama," Bi Dunia akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Mtoto sikumwuliza, na chumba kimehama naye. Mama sasa hana mlango wa kuingilia, mwanangu. Niliuondoa kwa mikono yangu."

Ndani ya ukuta, mbali, Eli alicheka. Asnath alifumba macho yake yasiyoona, akalazimisha kichwa chake kukumbuka, ubaridi, mwimo, khanga, chochote, akaweka kiganja kwenye plasta na kukisihi kama unavyomsihi mtu. Mkono wake ulikuwa umefundishwa vizuri, ukakuta ukuta tu. Akasogea nusu hatua kushoto, akaanza kupapasa upya kutoka kona.